Dawa ya Baridi

Watu wakisikia kwamba niliishi Dubai huniuliza juu ya majumba marefu. Majumba hayo niliyaona kwa mbali, kupitia vumbi, nikiwa mlangoni mwa stoo ya karakana moja ya Ras Al Khor, katikati ya maghala na maduka ya vipuri vya magari. Nilikuwa mtunza stoo. Nilitunza skrubu, glavu, miwani, mitungi ya gesi, na hasira zangu. Lakini nilichokitazama kuliko kitu kingine chochote katika mji ule ni maji machafu ndani ya meza ya chuma, na mtu aliyeyapenda maji hayo.

Meza yenyewe ilikuwa karai kubwa, pana kuliko kitanda cha watu wawili, ndani yake mna vipande vya chuma vilivyosimama wima kama meno ya chanuo. Unalaza bati juu ya meno hayo, maji yakiwa chini yake kidogo, kisha mashine ya plazma inapita juu na mwali wake mkali wa umeme, ikikata chuma kama mtu anayekata ugali kwa uzi. Maji hupokea cheche, moshi na vumbi la chuma, vitu ambavyo vingeingia vifuani mwa watu. Sote tulilijua hilo. Aliyelijua na kulishughulikia kila siku ya Mungu alikuwa mmoja, naye ni fundi wetu.

Alikuwa mtu wa Tanga, mwenye maringo yake. Ovaroli yake ilipigwa pasi. Chini yake alivaa shati jeupe lenye kola ngumu, na alijipaka manukato asubuhi kana kwamba mashine ndiyo mchumba. Alijisifu bila haya. "Dubai hii nzima," alikuwa akisema, "hakuna meza yenye maji kama yangu." Mimi hucheka nikisikia watu wakisema mtu mwema huwa hajisifu. Huyu alijisifu mchana kutwa na kila neno lilikuwa kweli.

Kila asubuhi kabla ya chai aliyanusa maji. Yakiwa na harufu ya yai viza, basi wadudu wameanza kuzaana ndani yake, na katika joto lile huzaana upesi. Alitumbukiza vile vikaratasi vinavyobadilika rangi, akaangalia, akaguna. Aliengua mafuta juu kwa kipande cha kitambaa. Alitia dawa ya kutu kwa kipimo, si kwa kukisia kama jirani yetu aliyekuwa akimimina tu mpaka mikono ya vijana wake ikatoka malengelenge. Na hakuruhusu mtu kugusa maji wala kuegemea meza mashine ikiwa na umeme, hata uwe nani. Siku moja alimfokea mgeni wa arbab, yaani wa tajiri wetu, mgeni mwenyewe bwana mkubwa mwenye kanzu nyeupe pe, kwa sababu alitaka kunyoosha mkono aone kama maji ni ya moto. Yule bwana aliomba radhi.

Kilichomfanya awe mkali zaidi ni alumini. Vumbi la alumini likilala chini ya maji hutoa gesi polepole, na gesi hiyo ikijikusanya chini ya bati, cheche moja inatosha kulirusha bati pamoja na aliyesimama karibu. Kwa hiyo kabla ya kukata alumini alichota tope lote, akayachemsha maji kwa hewa ya kompresa yakawa yanatoka mapovu meza nzima, akangoja. Arbab akipita na kuuliza kwa nini mashine imelala, alijibiwa, "Inapumua, arbab. Na sisi tunataka kuendelea kupumua."

Huyo arbab alikuwa mwenyeji wa Dubai, anakaa Rashidiya, lakini mama yake alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake alikipata jikoni kwa mama. Kilikuwa Kiswahili kitamu cha zamani. Sisi Wakenya tulimsikiliza kwa aibu kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na haraka ya mwenye kampuni huwa inawaangukia wengine.

Mwaka ule alipata wazo. Badala ya kukata tu, tutengeneze meza za maji na kuziuza nje. Ya kwanza ilinunuliwa na mteja wa nchi ya milimani huko kaskazini, mahali ambapo theluji wakati wa baridi hufika dirishani. Arbab akatukusanya uani. "Hii ikifika salama, tutatengeneza nyingine na nyingine, inshallah," alisema. "Ikifika na kasoro, khalas. Sitaki tena habari ya meza za maji, na hii yetu naiuza vilevile. Kisha fundi wa maji asiye na maji, atakaa hapa kwa kazi gani?" Alilisema huku anacheka. Fundi naye alicheka. Lakini viza yake ilikuwa ikiisha mwanzoni mwa mwaka, na sote tulijua utani wa arbab unakuwaje karibu na siku ya kugonga mihuri.

Siku ile ile alikuja stoo, akasimama mlangoni. Akaniuliza, bila maringo kwa mara ya kwanza, "Dada, wewe kwenu kuna baridi. Maji yakiganda, hasa yanafanya nini?"

Mimi ni mtu wa Kinangop. Nilimweleza yale ambayo kila mtoto wa kwetu anayajua: kwamba kuna asubuhi unaamka unakuta umande umeganda juu ya shamba zima, mweupe, unapendeza, na jua likitoka majani ya viazi yanageuka meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Mama yangu alikuwa akisimama ukingoni mwa shamba akiyatazama tu. Nikamwambia maji yakiganda yanavimba, na yakivimba hayaulizi yako ndani ya nini.

"Yanavimba?" alisema. Huyu ni mtu aliyekulia ufukweni. Barafu kwake ilikuwa kitu cha kutia kwenye sharubati.

Basi akaniomba friji yangu. Nilikuwa na kifriji kidogo pale stoo, starehe yangu ya pekee katika nchi ile, na ndani yake nilitunza maji ya kunywa na vijuisi. Alitaka kujaribu: chupa moja ya maji matupu, nyingine zenye dawa ya kuzuia kuganda, kila moja kwa kiasi chake. Nikamwambia hapo pana chakula cha watu. Akasema ndiyo maana kuanzia leo hapatakuwa na chakula. Dawa ni dawa, hata ile isiyo sumu kali haikai na vya kunywa. Alitoa juisi zangu zote, akabandika mkanda mwekundu mlangoni, akaondoka na ufunguo. Nilinuna. Katika joto lile nilikunywa maji ya uvuguvugu kwa ajili ya meza ya mtu nisiyemjua.

Kesho yake mchana alinijia mbio. Chupa ya maji matupu ilikuwa imepasuka ubavuni, barafu imejitokeza nje. Aliishika mikononi, akawaita watu wote waliokuwapo, akaizungusha uani awaonyeshe kama aliyevua papa. "Maji yamepasua chupa! Haya haya maji!" Katika zile zenye dawa nyingi maji yalikuwa bado yanacheza. Alichagua kipimo chake. Na nilipomwona anafurahi hivyo kwa kupata kitu ambacho mimi nilizaliwa nikikijua, nilijionea fahari kidogo, na nikasamehe juisi.

Alikwenda kwa arbab kuomba ruhusa ya kununua. Alieleza kwamba siyo ile ya rediyeta za magari, maana ile ni tamu na inaua, paka akilamba au mtu akikosea chupa. Anataka ile nyingine ya ghali. Arbab alimsikiliza nusu tu. "Dawa ya baridi?" akasema. "Kwani nani anaumwa? Mamangu akisumbuliwa na magoti twamkanda kwa mafuta ya karafuu." Alikuwa amefikiri ni baridi yabisi. Tulicheka sana, na mapipa mawili yakaja, na tangu hapo karakana nzima ikayaita mapipa ya dawa ya baridi. Laiti tungeacha kucheka tukafikiri. Neno lilikuwa limeshatuonyesha kwamba lina milango mingi.

Meza ya mteja ilikamilika mwezi wa Oktoba, joto likiwa bado halijatuachia. Tuliijaribu kwa maji matupu, ikafanya kazi vizuri. Kilichobaki ni kuyamwaga yale maji, kuzungusha dawa kwenye pampu na mabomba yake, na kuifunga kwa safari. Mchana wa siku ile arbab alipiga honi nje: Fundi aende naye kuona kazi ya mteja mwingine, sasa hivi, yalla. Fundi akamgeukia welda wetu, mtu wa makamo kutoka Kakamega, mchapakazi asiyejua kusema hapana, akamwambia, "Ukimaliza na hiyo meza, tia dawa ya baridi." Kisha akapanda gari.

Jioni aliporudi aliuliza, "Umetia?"

"Nimetia, Fundi. Yote."

Na hapo mambo yakaishia. Ameuliza, amejibiwa, na wote wawili walikuwa wakisema ukweli.

Trela ilikuja asubuhi iliyofuata. Kreni ikaiinua meza ya mteja, ikaiweka juu, dereva akaanza kufunga minyororo. Arbab alikuwa uani na makaratasi ya bandari mkononi. Fundi, ambaye hakupenda kukaa bure, akawasha meza yetu akate kipande cha chuma huku anangoja. Mwali ulipogusa tu, maji yalifanya povu. Povu jeupe likapanda katikati ya meno ya meza, likafurika, na moshi wenye harufu ya sukari iliyoungua ukatoka. Akazima mashine na kukata umeme ukutani. Akavaa glavu, akachota maji, akayasugua kati ya vidole. Yaliteleza.

"Nani katia dawa humu?"

"Mimi," alisema welda, anatabasamu. "Si uliniambia nitie dawa ya baridi? Hii maji ilikuwa inachemka kila siku. Nimetia mapipa yote mawili. Na imepoa, nakwambia, hata ukiweka mkono utaskia."

Mnaweza kumlaumu. Mimi siwezi. Dawa ya mbu hufukuza mbu, lakini dawa ya usingizi huleta usingizi. Siku ya chupa hakuwapo, na Kiswahili chake ni cha kazini kama changu; ameona meza mbili, moja imemwagwa maji na inasafiri, nyingine imejaa maji ya moto mbele yake kutwa nzima. Akaambiwa atie dawa ya baridi. Angeitia baridi wapi kama si penye joto? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi uliojikwaa ulikuwa wa mtu mwangalifu kuliko sote.

Fundi aligeuka akaitazama trela. Kule juu, ndani ya pampu na mabomba ya meza ya mteja, kulikuwa na maji matupu, yanaelekea milimani.

Aliniangalia mimi. Nadhani alitaka mtu mwingine ajue anachokijua. Kisha akatembea mpaka kwa arbab, akamwambia meza haitoki.

"Una wazimu?" alisema arbab. "Meli yaondoka leo."

"Ina maji ndani, arbab. Ikifika huko yataganda na kupasua pampu."

"Huko watatia dawa wenyewe. Waambie kwa simu."

"Itakuwa imeshapasuka kabla hawajaifungua."

Arbab alitazama saa. Uso wake ukabadilika. "Sikiliza. Ikikosa meli leo, mteja atapiga kelele. Akipiga kelele, hiyo ndiyo kasoro niliyoisema. Wajua niliyoyasema."

"Najua."

"Na nani katia dawa pasipo pake?"

Welda alikuwa amesimama nyuma yangu. Fundi hakugeuka hata kidogo. "Mimi ndiye niliyesema 'tia', arbab. Mdomo ni wangu."

"Basi maji yakimwagika hayazoleki," alisema arbab. "Iache iende."

"Haya yanazoleka," alisema Fundi. "Nipe mpaka alasiri."

Wala hakungoja apewe. Alipanda juu ya trela na ovaroli yake ya pasi, akaanza kufungua valvu. Nilijawa na kitu kifuani ambacho mpaka leo sijakipatia jina jingine zaidi ya heshima. Nilimheshimu mtu yule saa ile kuliko nilivyowahi kumheshimu mchungaji yeyote. Nilifunga stoo yangu, jambo nisilolifanya mchana, nikamfuata. Welda alileta kompresa akikimbia. Dereva wa trela, aliyekuwa amekasirika, akalegeza minyororo bila kuombwa.

Dawa haikubaki hata tone, kwa hiyo njia ilikuwa moja: kulitoa kila tone la maji. Tulifungua bomba moja moja, nikashika mpira, welda akapuliza hewa, maji yakaturukia usoni. Bomba likikoma kutoa maji, Fundi alikuwa akisema, "Tena." Tunapuliza tena, linatoa kidogo. "Tena." Mpaka linatoa vumbi la unyevu tu, na bado anasema tena. Arbab alikuwa chini, anafoka kwenye simu kwa Kiarabu, anafoka kwetu kwa Kiunguja, na jua linatupiga wote sawa.

Pampu ndiyo ilikuwa shida. Tumbo lake liko chini kuliko mabomba, na maji yaliyotuama mle hayafikiwi na hewa. Fundi alilala chali chini ya meza, juu ya mbao za trela, akafungua parafujo ya chini kabisa, maji yakamwagikia shingoni. Akaingiza kidole akapapasa. Bado kuna unyevu pembeni. Aliomba kitambaa kikavu. Vyote tulikuwa tumevilowesha. Basi alivua lile shati lake jeupe lenye kola ngumu, akalizungushia bisibisi, akaisafisha pampu ndani mpaka ikakauka. Shati likatoka jeusi. Alilitupa kando bila kulitazama, yeye aliyekuwa akinifokea nikipita na grisi karibu naye.

Trela iliondoka baada ya alasiri. Meli ilikuwa imeshakwenda. Meza ikangoja bandarini meli nyingine. Arbab aliingia ofisini akafunga mlango.

Kesho yake Fundi hakukaa kuhuzunika. Alianza kuitoa ile dawa ndani ya meza yetu. Ilimchukua siku kadhaa, maana alikataa kuimwaga kwenye mfereji. Mfereji ule unaishia kwenye khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, na kule wapo heroe, ndege wale wa rangi ya waridi wanaosimama kwa mguu mmoja. Alijaza mapipa, akayaandika, akaita lori la taka za sumu. Akaiosha meza, akatia maji mapya, akayapima. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na meza ambayo huenda ikauzwa. Akasema atakayeinunua ana mapafu.

Kisha tukangoja. Welda ndiye aliyengoja vibaya zaidi. Walikuwa wanakaa chumba kimoja, yeye na Fundi na wengine, na Fundi aliniambia kwamba usiku jamaa anageuka kitandani mpaka kitanda kinalia. Mara mbili alikuja stoo kuniambia anakwenda kwa arbab kusema ni yeye. Mara mbili Fundi alimzuia, akimwambia kwamba mtu mmoja kurudi kwao anatosha, hakuna haja ya kujaza ndege. Alimliwaza kwa utani. Alimpa kazi ya kukoroga maji asubuhi, akamfundisha kuyanusa, akamfundisha vikaratasi na rangi zake, alumini na gesi yake. Mimi nilielewa anachofanya. Alikuwa anaacha mrithi, na akamchagua yule yule aliyekosea.

Baada ya mwaka mpya arbab alikuja uani, simu mkononi. Alimpa Fundi simu, nasi tukasogea tuone. Ilikuwa video. Dirisha lenye theluji mpaka nusu, wanaume waliovaa makoti manene, pumzi zao zinatoka moshi, na katikati yao meza yetu. Mmoja alifungua valvu. Maji, yenye rangi ya dawa waliyoitia wenyewe, yakapanda polepole kati ya meno, yakatulia, na wote wakapiga makofi kwa glavu zao. Pampu ilisikika inavuma vizuri.

"Wataka nyingine mbili," alisema arbab. Akakohoa. "Na wewe leta pasipoti yako ofisini, viza isije ikapita tarehe."

Nilidhani Fundi atajisifu sasa. Nilimngojea ajisifu, nilikuwa tayari kupiga vigelegele. Lakini alikuwa amemgeukia welda, akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia, "Umeona? Haijapasuka. Basi leo ulale."

Arbab alisikia. Kiswahili ni cha mama yake, hakimpiti. Alimtazama welda, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, anajifuta macho kwa mkono wa ovaroli. Akamtazama Fundi. Kisha akanyoosha mkono achukue simu yake, akaifuta kioo kwa kanzu.

"Yalla," alisema. "Kazini."